Mitaa Kongwe ya Eastlands: Nyumba Mpya ni za Nani?

Anayetoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea mashariki hukutana kwanza na Muthurwa, jirani ya kituo cha reli. Mbele yake, kandokando ya Barabara ya Jogoo, kuna Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni na mitaa mingine iliyojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Nyumba zake nyingi ni za chini, na ardhi iliyo chini yake imekuwa na thamani kubwa kuliko kuta zenyewe. Hapo ndipo mipango ya kujenga maghorofa inapochipuka.

Ubomoaji si jambo geni huku. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikivunja kijiji cha Pangani, ambako Waafrika, wengi wao Waislamu, walikuwa wamejijengea nyumba. Mtaa wa Shauri Moyo ulijengwa kuwapokea baadhi yao. Aliyekuwa na nyumba yake akahamia katika nyumba ya Manispaa.

Kaloleni ulifuata katika miaka ya 1940, nao ulipangwa kwa uangalifu zaidi: nyumba za mawe zenye mapaa ya vigae, nyasi na miti kati yake, na ukumbi wa jamii. Katika ukumbi huo, Aprili 23, 1950, Makhan Singh alitoa hoja ya kutaka Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili. Wiki tatu baadaye alikamatwa pamoja na Fred Kubai, na Nairobi ikatikiswa na mgomo mkuu. Atakayechora ramani ya Kaloleni mpya hana budi kujua ukumbi huo uko wapi.

Kesi iliyobadili mjadala, hata hivyo, ilitoka Muthurwa. Mtaa huo wa wafanyakazi wa reli ulikuwa umekabidhiwa hazina ya pensheni ya Shirika la Reli ili mali yake igharimie malipo ya wastaafu. Julai 2010, wiki chache kabla ya Katiba mpya kuzinduliwa, wapangaji walitakiwa kuhama ili ardhi iendelezwe upya, na ubomoaji ukaanza. Walikimbilia Mahakama Kuu. Ugumu wa kesi ulikuwa dhahiri: upande mmoja wastaafu waliosubiri haki yao, upande wa pili familia zilizoishi hapo kwa miaka mingi, baadhi zikiwa za watu wa reli hao hao.

Agosti 30, 2013, Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba namna wapangaji walivyofurushwa ilikiuka haki zao, ikiwemo haki ya makazi bora iliyo katika Kifungu cha 43 cha Katiba. Hakuwapa hatimiliki, wala hakuizuia hazina kuuza au kujenga. Alichosisitiza ni utaratibu wa kibinadamu, na akaikumbusha Serikali kuwa nchi haikuwa na sheria ya kusimamia uhamishaji wa watu. Marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016 yalileta masharti ya notisi ya angalau miezi mitatu, lakini yalilenga hasa waliokalia ardhi kinyume cha sheria. Mpangaji anayelipa kodi kila mwezi hakutajwa waziwazi.

Pengo hilo linaonekana katika malipo. Mtaa wa Kaunti wa Pangani ulipovunjwa kupisha zaidi ya nyumba elfu moja, familia 48 zilizokuwepo zililipwa Sh600,000 kila moja ili zipange kwingine, zikiahidiwa nafasi katika majengo mapya. Makongeni, mtaa mwingine wa reli, ulipofikiwa na mpango wa nyumba za bei nafuu unaogharimiwa na ada ya asilimia 1.5 ya mshahara, wakazi walipewa Sh150,000 kwa kila nyumba, na tingatinga zikaingia Novemba 2025.