Umefutwa job na korti ilisema utume doh ya mtoi kila mwezi? Usizime simu, fanya hivi

Tuseme korti ilikuamuru utume 15,000 kila mwezi za mtoi. January kampuni ikapunguza watu, nawe ukawa mmoja wao. Ukaamua kunyamaza, ukingoja mambo yakae sawa. Ikifika mwisho wa September bila kutuma kitu, deni ni 135,000, na hakimu hajui hata kama ulifutwa.

Hapo ndipo wasee wengi hujichoma. Amri ya korti haijipunguzi yenyewe juu umesota. Inabaki vile ilivyo hadi korti yenyewe iibadilishe. Ukizembea, mzazi mwenzako anaweza kuomba mshahara ukatwe ukipata job ingine, mali yako ikamatwe, ama upelekwe jela kwa deni.

Poa ni kwamba Sheria ya Watoto ya 2022 inaruhusu amri kubadilishwa. Korti inaweza kupunguza kiasi, kukiongeza, kubadilisha tarehe za kulipa ama kusimamisha malipo kwa muda. Lakini lazima wewe ndiye uende uombe.

Unarudi kwa korti ileile iliyotoa amri, na namba ya kesi ileile. Usifungue kesi mpya. Unapeleka ombi pamoja na hati ya kiapo inayoeleza ni nini kimebadilika tangu siku ile. Hilo neno “kimebadilika” ndilo kesi yote. Ukienda kulia tu eti pesa ni nyingi, na ilikuwa nyingi hata mwaka jana, hakimu atakuuliza mbona hukukata rufaa.

Sasa ushahidi. Barua ya kufutwa, karatasi za mshahara za zamani na za sasa, stetimenti za benki na M-Pesa, barua ya daktari kama ni ugonjwa, risiti ya rent. Na usijaribu kuficha ile biashara ya boda uliyoandikisha kwa jina la cuzo. Stetimenti ya M-Pesa ni mdaku kuliko jirani wa ploti, na ukishikwa umedanganya chini ya kiapo, hata ule ukweli wako mwingine hautaaminika.

Kama mambo ni moto, ombi liambatanishe na cheti cha dharura ndio lisikizwe mapema. Mwenzako lazima apewe nakala na nafasi ya kujibu. Wakati unangoja, tuma chochote unachoweza, hata 3,000, na utume kwa M-Pesa ndio ibaki rekodi. Cash ya mkononi ni hewa tupu ukifika kwa hakimu.

Na wewe unayelea mtoi, hii njia ni yako pia. Mtoto ameingia sekondari, amepata ugonjwa wa kudumu, ama buda aliyekuwa kibarua sasa ana job ya maana? Rudi uombe nyongeza, ukiwa na barua ya karo na risiti za hospitali. Lakini jua Katiba, kifungu cha 53, inasema jukumu ni la wazazi wote wawili, muwe mlioana ama la, kwa hivyo mapato yako pia yataangaliwa.

Vitu viwili husumbua watu. Kunyimwa kuona mtoto si sababu ya kukata doh; hiyo unaipeleka kortini kama ombi lake. Na kuoa tena hakumfuti mtoi wa kwanza, hata kama korti itaangalia mzigo wako wote.

Mkielewana wenyewe, fiti sana, lakini makubaliano ya WhatsApp hayaondoi amri. Yaandikeni, mtie sahihi wote wawili, myapeleke kortini yawe amri mpya. Huna doh ya wakili? Unaweza kujisimamia mwenyewe, ama uulize msaada Kituo cha Sheria au FIDA Kenya. Ukienda, beba nakala ya ile amri ya kwanza, juu hiyo ndiyo kitu ya kwanza watakuuliza.