Rosta ya marubani: vita vya usingizi ambavyo abiria haoni

Kama unakaa Syokimau ama Mlolongo, ndege ya saa tisa usiku umeizoea kuliko kelele za jirani. JKIA iko Embakasi, upande wa Nairobi, lakini watu wake wengi wanalala huku kwetu Machakos: wapakiaji mizigo, mafundi, wahudumu wa ndege na marubani. Ukiona van imesimama nje ya geti saa nane usiku na mse anatoka amepiga pasi vizuri, anavuta kasanduku ka magurudumu, huyo haendi harusi. Rosta imemwita.

Hiyo rosta ndiyo imeleta vita kati ya marubani na kampuni za ndege dunia nzima. Watu hudhani marubani wakigoma ni doo tu wanataka. Doo iko, hatutadanganyana. Lakini ukifungua mkataba wowote wa marubani, kurasa nyingi zinaongea kuhusu saa: unaripoti lini, unapumzika muda gani, na siku yako ya ofu ni ya nani kampuni ikikwama.

Rosta yenyewe inasomwa hivi. Kuna siku za kuruka, kuna ofu, na katikati kuna standbai. Standbai ndiyo inawasumbua zaidi. Hauko kazini, na pia hauko huru. Huwezi kushuka ushago Masinga kuona shosho, huwezi kugusa hata chupa moja, simu inakaa mkononi. Wakikupigia unatoka. Wasipokupigia, siku imeisha na hakuna kitu umefanya. Sasa swali la pesa nyingi: hiyo siku inahesabiwa kama kazi ama kama mapumziko? Kampuni ina jibu lake na chama kina lake.

Sheria za usafiri wa anga huweka tu kikomo cha juu. Marekani kwa mfano, rubani wa ndege za abiria haruhusiwi kupita saa 100 angani kwa siku 28, wala saa 1,000 kwa mwaka. Kabla ya zamu lazima apate mapumziko ya saa 10, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kusumbuliwa. Huku kwetu mwenye kusimamia mambo hayo ni KCAA.

Msee wa mjengo akisikia saa 100 kwa mwezi anacheka. Sisi tunapiga hizo kwa wiki mbili! Lakini hizo ni saa za ndege ikitembea peke yake. Nairobi hadi Kisumu angani haifiki saa moja. Mpe rubani Kisumu, arudi, aende Mombasa, arudi: hapo ameruka saa chache, ila alikuwa uwanjani kabla ya mapambazuko, amekagua ndege, amengoja mafuta, amengoja abiria aliyepotea duty free, amengoja ruhusa ya kupaa, na anaondoka jioni. Ndiyo maana sheria pia zinapima zamu nzima, kuanzia dakika unaporipoti.

Usingizi nao hauongwi. Mwaka 1997 watafiti wawili, Dawson na Reid, walichapisha kipimo ambacho hutajwa mpaka leo: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya vibaya kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Nchi nyingi, hicho ndicho kikomo cha dereva. Na mwili una saa yake ya kuzima, kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, hata kama ulilala mchana. Madere wa matrela wanaoegesha Mlolongo wanaijua hiyo saa bila kusoma utafiti wowote.

Mei 22, 2010 ndege ya Air India Express ilikuwa inarudisha watu nyumbani kutoka Dubai, wengi wao wafanyakazi wa Ghuba, kama tu mabrathe na masista zetu wanaoenda huko. Kinasa sauti kilionyesha kapteni alilala zaidi ya saa moja na nusu, hadi akasikika akikoroma. Aliamka karibu na kutua Mangalore akili ikiwa bado nzito, ndege ikaja juu sana, rubani msaidizi akamwambia wapae tena, hakusikia. Watu 158 kati ya 166 walikufa. Mwaka mmoja kabla, Februari 2009, ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, ikaua watu 50. Wachunguzi walikuta marubani wote wawili walikuwa wamechoka. Sheria mpya za mapumziko za Marekani zilizaliwa kwenye msiba huo, zikaanza kazi 2014.

Tuwape mabosi haki yao pia. Rubani si dere wa mat ambaye unaweza kumtoa route moja umweke nyingine. Aliyefuzu kwa Boeing 787 hawezi kuamka kesho aendeshe Embraer. Asipopaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90, lazima kwanza arudishwe mazoezini. Kumfundisha mpya kunachukua miezi na pesa ndefu. KQ ilipoanza kuruka moja kwa moja hadi New York Oktoba 28, 2018, safari ya kama saa 15, ilibidi kila ndege ibebe marubani 4 ili wapokezane kulala. Marubani 4 kwa ndege moja, na wakifika hawawezi kugeuza siku hiyo hiyo. Sasa ongeza mmoja mwenye homa na mwingine mwenye leave ya uzazi, uone vile ofisi ya rosta inatokwa na jasho.

Kampuni ikiwa na marubani wachache kuliko safari, inaishi kwa hisani. Inampigia mtu siku ya ofu: kapteni, tusaidie. Wakiwa marafiki, anasaidia. Wakikosana, kila mmoja anafuata mkataba neno kwa neno, hashiki simu siku ya ofu, na safari zinaanza kufutwa bila mtu yeyote kugoma. Hii ndiyo silaha kali kuliko mabango, kwa sababu hakuna hakimu atakulazimisha kufanya kazi siku yako ya mapumziko.

Marekani waliona sinema nyingine Julai 2022. Mtambo wa rosta wa American Airlines ulipata hitilafu, ukawaruhusu marubani kuachilia maelfu ya safari kwa kubofya tu. Kampuni ikataka kuwarudishia, chama chao APA kikakataa, na mwishowe kampuni ikakubali kulipa maradufu. Ofu ina bei, na siku hiyo bei ilionekana.

Sasa turudi hapa kwetu. Chama cha marubani kinaitwa KALPA, na mvutano wake mkubwa na Kenya Airways juzi juzi ulikuwa Novemba 2022. Kwa usahihi, madai ya mbele hayakuwa rosta. Yalikuwa mchango wa kampuni kwenye hazina ya akiba ya kustaafu, uliositishwa wakati wa korona, pamoja na mishahara iliyokuwa imezuiliwa. Korti ilikuwa imeshasimamisha mgomo, lakini Jumamosi Novemba 5, saa kumi na mbili asubuhi, marubani waliweka vifaa chini. Maelfu ya abiria wakakwama. KQ ikasema inapoteza kama shilingi milioni 300 kila siku.

Halafu ikaja hatua ambayo wengi hawakuipa uzito: bodi ya KQ ilitangaza inajiondoa kwenye mkataba wa pamoja na marubani, ule unaoitwa CBA, na pia kwenye makubaliano ya kukitambua chama. Hapo ndipo rosta inaingia. CBA ikienda, haiendi na mshahara pekee. Inaenda na ofu zilizohakikishwa, malipo ya standbai, notisi ya kubadilisha zamu, hata mahali pa kulala ukiwa safarini. Unabaki na kikomo cha sheria tu, na kikomo cha sheria kiliwekwa ili ndege isianguke. Hakikuwekwa ili uhudhurie birthday ya mtoto wako.

Novemba 8, Jaji Anna Mwaure wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi aliagiza marubani warudi kazini kufikia saa kumi na mbili asubuhi ya siku iliyofuata. Aliambia kampuni pia isiwasumbue wala kuwaadhibu. Walirudi. KQ ilifunga mwaka huo na hasara ya shilingi bilioni 38, na haikuona faida ya mwaka mzima hadi 2024, ilipopata bilioni 5.4.

Katiba, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, kujadiliana na kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inaongeza ngazi: chama kitambuliwe kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi husika, mkataba usajiliwe kortini ndipo uwe na meno, mzozo upelekwe kwa msuluhishi, na kabla ya kugoma utoe notisi ya siku 7. Cha kushangaza, waongoza ndege walio kwenye mnara wako kwenye orodha ya huduma muhimu ambazo sheria hiyo inazuia kugoma. Marubani hawako. Yaani kwa kila kutua, mmoja anayekuongoza kwa redio hana ruhusa ya kuweka vifaa chini, na mwingine aliyeshika usukani anayo.

India wamejaribu njia tofauti: badala ya kuachia vyama na mabosi wagombane, serikali ilipandisha mapumziko ya wiki kutoka saa 36 hadi 48 na kupunguza kutua kwa usiku kutoka mara 6 hadi 2. IndiGo, kampuni kubwa kuliko zote huko, haikuwa imejipanga na marubani wa kutosha. Desemba 5, 2025 peke yake ilifuta safari zaidi ya 1,000. Serikali ikalegeza masharti kwa muda, na marubani wakalalamika kwamba usingizi wao ndio umelipia uzembe wa ofisi.