Nyuki wasiouma: wachavushaji wadogo kati ya Nyungwe na Bugarama

Wilaya ya Rusizi, ambayo wengi bado huiita Cyangugu, huteremka kutoka vilima vya baridi vya msitu wa Nyungwe hadi tambarare yenye joto ya Bugarama, iliyo chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Katika mteremko wa namna hiyo, ndani ya mashina ya miti yenye uwazi, kwenye nyufa za kuta na hata chini ya ardhi, huishi nyuki ambao kwa udogo wao wengi huwadhania kuwa ni inzi. Kwa Kinyarwanda huitwa ubuhura. Kwa Kiswahili hujulikana kama nyuki wadogo au nyuki wasiouma.

Asali yao imethaminiwa kama dawa tangu zamani, na katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki wameanza kufugwa kwenye mizinga. Ufugaji huo unaweza kuuokoa msitu au kuudhuru zaidi. Yote hutegemea mfugaji alikowapata nyuki wake wa kwanza.

Ni nyuki wa namna gani?

Duniani kuna aina zaidi ya 500 za nyuki wasiouma, na karibu zote huishi katika maeneo ya joto ya Amerika, Afrika, Asia na Australia. Mwiba wanao, lakini umedumaa na hauwezi kudunga. Hujilinda kwa kung'ata na kwa kujipenyeza kwenye nywele, masikio na macho ya mvamizi.

Tofauti na nyuki wa kawaida, hawahifadhi asali katika masega. Huiweka katika vyungu vidogo vilivyofinyangwa kwa nta iliyochanganywa na utomvu wa miti. Malkia hutaga yai katika kijumba ambacho vibarua wamekwisha kukijaza chakula. Kisha kijumba hufungwa na hakifunguliwi mpaka nyuki mpya atoke.

Ujuzi mwingi kuhusu nyuki hawa umo mikononi mwa watu wa msituni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 katika msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, ulitegemea maarifa ya Wabatwa, ambao walitambua aina tano za nyuki wasiouma na kueleza mahali kila moja inapojenga. Bwindi na Nyungwe yote ni misitu ya milima ya Ufa la Albertine.

Kazi yao msituni na shambani

Inakadiriwa kuwa katika ukanda wa tropiki, wastani wa asilimia 94 ya mimea inayotoa maua hutegemea wanyama, hasa wadudu, ili kuchavushwa. Nyuki wasiouma wana sifa tatu zinazowafanya mahiri katika kazi hiyo: huishi katika makundi makubwa, hutafuta chakula karibu mwaka mzima, na kila kibarua hupendelea kurudia ua la aina moja katika safari yake. Kwa udogo wao huingia hata katika maua ambayo nyuki wakubwa huyaacha.

Wanyama wengine pia huwategemea. Huko Bwindi, watafiti waligundua kuwa sokwe hutumia vijiti vyembamba kuifikia asali ya nyuki wasiouma, na vijiti vikubwa zaidi kwa asali ya nyuki wa kawaida.

Shambani, faida hutofautiana kwa zao. Mpunga wa Bugarama hujichavusha wenyewe. Mbuni wa kahawa ya arabika nao huweza kujichavusha, lakini huongeza matunda unapotembelewa na nyuki. Parachichi na maboga huhitaji wadudu zaidi. Nyuki wadogo hawaendi mbali: aina ndogo kabisa huishia mita mia chache tu kutoka kwenye kiota. Kwa hiyo shamba lililo mbali na miti yenye viota halifaidiki nao.

Hasara ya kukata mti

Nyuki wa kawaida wakivamiwa, malkia huweza kuruka na kuhama pamoja na kundi lake. Malkia wa nyuki wasiouma hawezi. Akishaanza kutaga, tumbo lake huvimba na hawezi kuruka tena. Mti ukipasuliwa, yeye na majana hubaki chini, na siafu humaliza kilichosalia.

Wala pengo hilo halizibiki upesi. Kundi jipya huanzishwa polepole: vibarua hubeba nta, utomvu na chakula kutoka kiota cha zamani hadi kipya, kisha malkia kijana huhamia huko. Lazima pawepo mti mwingine wenye uwazi, tena karibu. Mti wa namna hiyo huchukua miaka mingi kuzeeka. Katika msitu mdogo uliotengwa kama Cyamudongo, ulio ndani ya Rusizi na unaohifadhiwa pamoja na Nyungwe, kila mti mzee una uzito wake.

Kuna jambo moja la heri. Nyuki hawa hawahitaji kufukizwa moshi. Mioto ya warina asali wa nyuki wa kawaida ni miongoni mwa vyanzo vya moto msituni Nyungwe, msitu ulioingizwa mwaka 2023 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kufuga bila kuharibu

Njia salama ni mbili. Ya kwanza ni kuweka mtego: chombo kitupu kilichopakwa nta na utomvu wa kiota, kinachosubiri kundi lihamie lenyewe. Ya pili ni kugawanya kundi lenye nguvu lililokwisha kufugwa, kwa kuhamishia sehemu ya majana, pamoja na kijumba kikubwa cha malkia mtarajiwa, katika sanduku jipya. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye makao yake Kenya, kimewafundisha wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Kakamega ufugaji wa aina hii.

Mzinga huwa sanduku dogo la mbao nene, lililowekwa kivulini juu ya nguzo zilizopakwa grisi ili kuwazuia siafu. Kundi la Bugarama lisipandishwe kwenye baridi ya Nyungwe. Viuatilifu visipulizwe maua yakiwa wazi. Asali hufyonzwa chunguni kwa bomba la sindano safi, na nyuki huachiwa akiba.

Asali chache, bei ya juu

Kundi moja kwa kawaida hutoa kilo chache tu kwa mwaka, pengine isifike hata moja. Asali hiyo ni nyepesi na yenye uchachu, na maji yake mara nyingi hufikia asilimia 25 hadi 35, ilhali kiwango cha kimataifa cha asali ya nyuki wa kawaida hakizidi 20. Kwa hiyo huchachuka upesi isipowekwa kwenye jokofu, na mnunuzi asiyeijua huweza kudhani imetiwa maji. Malaysia iliiwekea kiwango chake mwaka 2017. Mwaka 2020 wanasayansi nchini Australia walitangaza kuwa wamekuta ndani yake trehalulosi, sukari adimu isiyopandisha haraka sukari ya damu. Hata hivyo, asali hii haichukui nafasi ya dawa za hospitali.

Kwa mnunuzi, swali la kwanza si bei. Amuulize muuzaji kama asali ilitoka mzingani au katika mti uliokatwa.