Waliomletea Hasheem Mpira

Waliofuatilia mpira wa kikapu mwaka 2009 wanamkumbuka Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyesoma Makongo, urefu mita 2.21, ambaye Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika drafti ya NBA mwaka huo. Waliokuwa wakimletea mpira wanakumbukwa na wachache. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut kazi hiyo ilikuwa ya A.J. Price, Jerome Dyson, Craig Austrie na Kemba Walker: gadi wanne, nafasi mbili za kuanza. Kisa chao kinafaa kusimuliwa hata huku Mamba, bonde la Rukwa, mkoani Katavi, maana kinaeleza kwa nini Tanzania imepeleka Marekani warefu wengi kuliko gadi.

Mwanzoni gadi hakuwa mtu wa kugombewa. James Naismith alipoanzisha mchezo huu Springfield, Massachusetts, Desemba 1891, aliwagawa wanafunzi wake 18 katika timu mbili za watu tisa. Walinzi, yaani gadi wa siku hizo, walikaa nyuma, kazi yao kuzuia. Kukimbia huku ukidunda mpira hakukuwepo. Aliyeudaka alisimama pale pale akatafuta wa kumpa. Wachezaji watano kila upande wakawa kawaida kuelekea mwisho wa miaka ya 1890. Hata hivyo, hadi 1937, kila kikapu kilipofungwa watu walirudi kati kurushiwa mpira upya, na mwenye urefu akautwaa. Utaratibu huo ulipofutwa, timu iliyofungwa ikawa inautoa mpira chini ya kikapu chake na kuupandisha uwanja mzima. Hapo ndipo mwenye mikono mizuri alipoanza kuwa na thamani. Mstari wa pointi tatu ulipoingia vyuoni mwaka 1986, akatakiwa pia awe mlengaji.

Na vyuo vilikuwa na desturi yao: kwa miaka mingi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa. Novemba 1965, katika chuo cha UCLA, vijana wa mwaka wa kwanza wakiongozwa na Lew Alcindor, pamoja na gadi Lucius Allen, waliifunga timu kubwa ya chuo hicho hicho, bingwa wa taifa, 75 kwa 60. Bado wakarudi kusubiri msimu mzima. Zuio hilo liliondolewa kuanzia msimu wa 1972/73, na tangu hapo mgeni anaweza kumnyang'anya mwenyeji nafasi siku ya kwanza ya mazoezi.

Kemba Walker hakumnyang'anya mtu. Alifika Connecticut mwaka 2008 na kukuta kocha Jim Calhoun anamwamini Price, aliyekuwa ametoka kuumia goti vibaya Machi mwaka huo huo. Pembeni ya Price alikuwa Dyson. Februari 2009 Dyson naye akaumia goti, nafasi ikawa wazi. Mwepesi kuliko wote alikuwa Walker, lakini Calhoun alimwanzisha Austrie, mwanafunzi wa mwaka wa nne. Kwa kocha, gadi wa kuanza hapimwi kwa mbio peke yake. Anatazamwa anapoteza mipira mingapi kwa kila pasi ya kufungisha, anamzuia nani, na kama anajua mrefu wake anautaka mpira juu au chini.

Ubishi kama uamuzi ule ulikuwa sahihi ni halali. Machi 12, Connecticut walicheza na Syracuse hadi vipindi sita vya nyongeza wakafungwa 127 kwa 117. Price alifunga pointi 33, na gadi wa wapinzani, Jonny Flynn, alicheza dakika 67 kati ya 70. Wiki mbili baadaye, dhidi ya Missouri, Walker alitoka benchi akafunga pointi 23 na kuipeleka timu nusu fainali ya taifa. Mwaka 2011, akiwa nahodha wa uwanjani asiyepingwa, aliiongoza Connecticut kushinda mechi 11 mfululizo za mtoano na kutwaa ubingwa. Msimu ule wa kujifunza nyuma ya Price haukupotea bure.

Afrika Mashariki ina gadi wake wa kutazama: Adam Seiko, aliyeichezea timu ya taifa ya Uganda na kukaa chuo cha San Diego State tangu 2017 hadi 2023. Wakati wake sheria za kuhama chuo zililegezwa, na nafasi za kuanza zikaanza kugombewa na watu waliotoka nje. Matt Bradley alitoka Chuo Kikuu cha California, Darrion Trammell akatoka kile cha Seattle. Seiko hakuondoka. Katika msimu wake wa mwisho aliingia kutoka benchi, na Machi 2023, katika mechi ya kuwania nusu fainali ya taifa, alikutana na ndugu yake Arthur Kaluma wa chuo cha Creighton. San Diego State walishinda 57 kwa 56, kwa mpira wa adhabu wa Trammell.

Tanzania imepeleka warefu zaidi kwa sababu urefu huonekana kwa macho. Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka kama 15, na Atiki Ally Atiki, kijana wa Mwanza aliyechezea chuo cha BYU, naye ni mtu wa chini ya kikapu. Gadi hawezi kuchelewa hivyo, kwa kuwa mikono na macho yake yanataka miaka ya mechi.

Katika kata kama Mamba, mchezo wenye mizizi shuleni baada ya soka ni netiboli, mtoto wa kikapu aliyezaliwa Uingereza miaka ya 1890. Netiboli imehifadhi mchezo wa Naismith wa mwanzo: hakuna kudunda, ukidaka unasimama, unatoa haraka. Msichana anayecheza senta tayari anajua kuona uwanja wote na kumpa mfungaji mpira pale anapoutaka. Kilichobaki ni kudunda, na kwa hilo anahitaji sakafu ngumu, ubao na pete vya kufanyia mazoezi kila jioni. Wanaoteua timu ya mkoa wa Katavi kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, wangeanza kuwatafuta gadi wao kwenye viwanja vya netiboli, wakiwa na daftari la kuandika nani amepoteza mpira mara ngapi.