Mipaka ya Utawala na Upana wa Mashindano: Kilosa, Mikumi na Michezo ya Shule

Historia ya mashindano ya shule wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, imefungamana na historia ya mipaka ya utawala, kwa kuwa katika UMISSETA, yaani Umoja wa Michezo na Sanaa kwa Shule za Sekondari Tanzania, inayoingia uwanjani ngazi ya mkoa ni timu teule ya halmashauri, ambayo huundwa kwa kuchagua wachezaji bora wa shule za eneo hilo na kuwaweka kambini pamoja. Kwa utaratibu huo, mwanachama mpya hapigiwi kura na wanachama wa zamani, bali huzaliwa pale Serikali inapogawa eneo.

Mashindano ya awali ya Afrika Mashariki yalipanuka kwa njia nyingine. Kombe la Gossage, lililobeba jina la mtengenezaji sabuni aliyelidhamini, lilianza mwaka 1926 likiwa na Kenya na Uganda pekee, likaipokea Tanganyika mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Hofu kwamba mgeni hushusha kiwango haikuthibitika, kwani Tanganyika ilitwaa kombe hilo mwaka huohuo wa 1949.

Mkoani Morogoro upanuzi ulikuja kwa mgawanyo. Hadi mwaka 2012 mkoa ulikuwa na halmashauri sita. Ndipo Gairo ikamegwa kutoka Kilosa, na katika miaka iliyofuata Malinyi ikatoka Ulanga, huku Ifakara ikipata halmashauri yake ya mji, hata zikafika tisa. Kabla ya hapo kijana wa Gairo alilazimika kugombea nafasi na wenzake wa Kilosa, Kimamba na Mikumi katika timu moja. Baada ya hapo mlango wake ukawa wake. Hii ndiyo faida kubwa ya upanuzi, kwamba idadi ya vijana wanaopimwa mbele ya walimu na wachaguzi huongezeka.

Gharama nayo hupanda, tena kwa kasi kuliko idadi ya timu. Timu sita zikikutana mara moja kila moja na nyingine hucheza mechi 15, ilhali timu tisa hucheza 36. Lakini zikigawanywa katika makundi matatu ya timu tatu, hatua ya makundi huhitaji mechi tisa tu. Nauli, chakula cha kambini na matibabu huangukia halmashauri na shule, na hapo jiografia huingia katika hesabu. Mji wa Kilosa ulikua kando ya Reli ya Kati iliyojengwa enzi za Wajerumani, na Mikumi kando ya barabara kuu ya Iringa, jirani na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Timu itokayo Ifakara au Malinyi kwenda Morogoro mjini hupitia Kidatu na Mikumi, ilhali ya Gairo hushukia Dumila bila kufika mji wa Kilosa, makao ya wilaya mama yake.

Nchini Marekani, Big Ten, ambao ni muungano wa vyuo vikuu wa michezo ulioanza mwaka 1896 ukiwa na vyuo saba vya ukanda wa Maziwa Makuu ya nchi hiyo, ulifikisha wanachama 18 mwaka 2024 kwa kuvuka hadi pwani ya Pasifiki, na fedha za televisheni ndizo zilizoubeba umbali huo. Michezo ya shule ya Morogoro haina mfuko wa namna hiyo. Kwa hiyo upanuzi wake hudumu tu pale makundi yanapopangwa kwa kufuata barabara, timu za bonde la Kilombero zikianzia kwao na za kaskazini kwao.

Kwa kipimo hicho, swali lililobaki ni la Mikumi yenyewe, ambayo ni jimbo la uchaguzi lakini si halmashauri, hivyo vijana wake bado huchujwa kupitia Kilosa. Kuipa timu yake hakuhitaji kungoja wilaya mpya: waandaaji wa mkoa wakikubali kwamba mipaka ya michezo inaweza kutofautiana na ya utawala, mwanachama wa kumi ataingia kwa gharama ndogo, kwa kuwa yuko njiani tayari.