Vita vya Kagera na Nguvu ya Miguu

Mwaka 1947 David Musuguri, kijana wa Butiama aliyejiunga na jeshi mwaka 1942 na kupigana hadi Madagaska, alipandishwa cheo kuwa sajenti na kupewa kazi ya ukufunzi katika kambi ya Kahawa, karibu na Nairobi. Jeshi lenyewe lilikuwa King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Miongoni mwa makuruta waliopita mikononi mwake alikuwemo Mganda mmoja wa kimo kikubwa aliyeitwa Idi Amin. Miaka thelathini na ushei baadaye, mkufunzi na kuruta wake walikutana tena, safari hii kama maadui, kwenye mpaka wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania.

Keya ilipenda michezo. Maafisa wa Kiingereza walitaka vikosi vyao vishindane katika riadha, kandanda na ndondi, na askari aliyeng'ara huko alionekana haraka. Amin ni mfano wa wazi. Alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1950, akacheza na raga. Elimu yake ilikuwa ndogo, lakini uhuru wa Uganda ulipokaribia, alikuwa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa uafisa. Ngumi hazikuwa sababu pekee, ila zilimsaidia sana.

Tanganyika nayo ilirithi sehemu ya desturi hiyo. Usiku wa uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda ndiye aliyepanda Kilimanjaro na kusimika bendera na mwenge kileleni, kazi ya mapafu na miguu. Maasi ya askari ya Januari 1964 yalilivunja jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lilikuwa limetangulia mwaka 1963. Katika makambi hayo mchakamchaka ulishika nafasi ya kwanza: alfajiri, kwa mistari, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia, visigino vikipiga chini kwa pamoja. Ndondi humpandisha mtu mmoja ulingoni. Katika mchakamchaka kikosi kizima hufika pamoja, na anayechoka husukumwa na sauti za wenzake. Kwa maoni yangu tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika yaliyofuata. Mabingwa hawakukosekana pia: Februari 1974 Filbert Bayi, askari wa JWTZ, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.2.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin, ambaye sasa alikuwa rais wa Uganda, yaliingia Tanzania na kuteka eneo lote lililo kati ya mto Kagera na mpaka. Tarehe 3 Novemba yalilibomoa daraja la Kyaka. Wilaya ya Karagwe, ambayo wakati huo ilikuwa bado na Kyerwa ndani yake, ikajikuta jirani wa vita: Kyaka iko mashariki yake, na huko Murongo mto pekee ndio unaoitenga na Uganda. Karagwe ni nchi ya milima na mabonde. 

JWTZ lilipanuka haraka kwa kuwaita mgambo, askari wa JKT, polisi na magereza. Magari hayakuwatosha. Mapema mwaka 1979 Musuguri alikabidhiwa Divisheni ya 20, na askari wake wakaingia Uganda wengi wao kwa miguu, mizigo mgongoni. Masaka ilianguka Februari, na Mbarara vilevile, mbele ya Brigedi ya 206 ya Silas Mayunga, aliyejulikana kama Mti Mkavu. Mwezi Machi, huko Lukaya, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walikirudisha nyuma kikosi cha mbele cha Tanzania. Ndipo Brigedi ya 208, iliyokuwa kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi, ilipoamriwa kuzunguka. Alfajiri ya tarehe 11 ilikuwa imefika barabara ya Kampala, nyuma ya adui. Mizinga ilifanya kazi yake, na jeshi la Amin lilikuwa limeoza kwa chuki za ndani. Lakini jeshi linalongoja barabara lisingeweza kufanya mzunguko ule. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, zaidi ya kilomita 200 kutoka Mutukula, mpakani.

Miaka kumi baadaye afisa mwingine wa JWTZ, Juma Ikangaa, alishinda mbio za marathoni za New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Jina lake linafahamika duniani. Majina ya mgambo waliotembea mwaka 1979 hayafahamiki hata katika shule za vijijini mwao. Jenerali Musuguri alifariki Oktoba 2024, akiwa na miaka 104. Walimu wa historia wa Kayanga, Nyaishozi, Nkwenda na Kaisho, wapelekeni wanafunzi wenu kwa wazee waliosalia, wakae nao na waandike wanayosimuliwa, mwaka huu, kabla hawajatutoka wote.