Yusufu, Ghala na Nchi ya Ugogo

Sisi tunaohubiri katika nchi hii kavu tunampenda sana Yusufu. Ikifika sikukuu ya mavuno, ni nadra mhubiri apande madhabahuni asimtaje: ndoto za Farao, ng'ombe wanono na ng'ombe waliokonda, miaka saba ya shibe, sehemu ya tano kuwekwa ghalani. Washarika hutikisa vichwa kwa kukubali, kwa kuwa njaa hawakusimuliwa, wameiona. Lakini tukimaliza sura ya 41 ya kitabu cha Mwanzo, tunaifunga Biblia. Sura ya 47 hatuisomi. Huko ndiko tunakoambiwa ghala lile lilifunguliwaje. Watu walileta fedha kwanza. Fedha ilipokwisha wakaleta mifugo. Mifugo ilipokwisha wakatoa mashamba yao na nafsi zao, hata nchi yote ikawa mali ya Farao, isipokuwa ardhi ya makuhani, kwa sababu makuhani walikuwa na posho yao kutoka kwa mfalme. Habari hiyo ya makuhani tuiweke akilini, tutairudia.

Tunaandika haya tukiwa upande wa Chimwaga, mashariki mwa mji wa Dodoma. Msomaji wa mbali huenda analijua jina hili kwa sababu ya ukumbi ambamo Chama cha Mapinduzi kilimteua Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995, au kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa hapa mwaka 2007. Kwa wenyeji hii ni nchi ya mtama, uwele na ng'ombe. Washarika wetu wana swali ambalo hutuuliza tukiwatembelea nyumbani, hasa kati ya Januari na Machi: Baba Mchungaji, mbona tunalima, tunavuna, na bado tunanunua? Tumejaribu kulijibu kwa kuangalia nyuma.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kati ya Bagamoyo na Tabora ilikuwa lazima ipite Ugogo. Ukiiacha Mpwapwa unavuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutegemea, ndipo unawafikia watu wenye visima na nafaka. Msafara wenye wapagazi mamia ulifika ukiwa na njaa na kiu. Watemi walitoza hongo, na watu waliuza maji na mtama kwa nguo na shanga. Wazungu waliopita, akina Burton na Stanley, waliilalamikia hongo hiyo kwa uchungu mwingi katika vitabu vyao. Sisi tukiyasoma malalamiko hayo tunaona jambo jingine: wakati ule bei ilitajwa na mwenye nafaka. Si kwamba njaa haikuwako. Iliwako, na wazee waliipa kila njaa jina lake. Lakini aliyekuwa na kihenge kilichojaa aliketi juu ya kiti chake na mgeni akasimama.

Njaa iliyobaki kichwani mwa Wagogo kuliko zote ni ile iitwayo Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Reli ya Kati ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910, kwa hiyo vita ilipozuka mwaka 1914 nafaka na ng'ombe wa Ugogo walikuwa karibu sana na jeshi. Wajerumani walichukua chakula na mifugo, wakachukua na vijana kuwa wapagazi. Waingereza walipoingia mwaka 1916, nao wakachukua. Kisha mvua zikashindwa. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika wilaya ya Dodoma ya wakati ule watu wapatao 30,000 walikufa, kati ya watu kama 150,000. Ukame wenyewe haukuwa mgeni. Safari hii ulikuta kihenge kimekwisha kufagiliwa na zizi limekwisha kuachwa wazi.

Zizi tunalitaja kwa makusudi. Kwa Mgogo ng'ombe ndiye kihenge cha pili: mwaka mzuri nafaka hugeuzwa ng'ombe, mwaka mbaya ng'ombe hugeuzwa nafaka. Ubaya ni kwamba ukame huwapiga wote kwa siku moja. Kila mtu anaswaga ng'ombe aliyekonda kwenda mnadani, na kila mtu anatafuta debe la nafaka, hivyo ng'ombe anashuka na debe linapanda. Na zizi ndilo lililokuwa kiwanda cha mbolea. Lilikuwa ndani ya tembe, samadi ikamwagwa katika mashamba ya karibu, bila mtu kuuliza bei ya dunia imefika wapi.

Mambo mengi yalipita juu ya nchi hii baadaye, na hatutayasimulia yote. Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta ya mradi wa karanga, wakauacha mwaka 1951, maana udongo na mvua za Kongwa havikusoma mpango wao. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilikusanya kaya katika vijiji, na wengi waliacha nyuma mazizi ya zamani pamoja na mashamba yaliyonona kwa samadi ya miaka. Kisha likaja Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, na bei moja kwa nchi nzima. Wazazi wetu wanaisifu bei hiyo na kuilaumu kwa pumzi moja. Mkulima alijua kabla ya kupanda atalipwa kiasi gani, ila hakujua atalipwa lini. Baada ya ukame wa katikati ya miaka ya 1970 serikali ilihimiza mazao yanayostahimili ukame na kuyawekea bei nzuri, watu wakalima, mtama ukajaa katika maghala ya shirika, na mijini hawakuutaka. Walitaka sembe. Hata ule unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani, uliobatizwa jina la Yanga, ulipewa heshima ya mezani kuliko mtama wetu. Tunasema hivi kwa masikitiko kidogo, kwa sababu hata katika nyumba za wachungaji mtama umekuwa chakula cha kuelezea.

Ruzuku ya mbolea nayo iliondolewa hatua kwa hatua, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imekwisha. Mwaka 2008 ikatolewa kwa njia ya vocha. Mshirika wa hapa anaweza kusema hayo hayamhusu, kwani hajawahi kununua mfuko wa DAP maisha yake yote. Ni kweli. Lakini mwaka 2021 bei ya mbolea duniani ilipopanda, na ikazidi kupanda Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea ulipita shilingi 120,000. Wakulima wa Mbeya, Songwe na Ruvuma wakapunguza mbolea au wakaacha kabisa. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, ruzuku mpya ilizinduliwa Mbeya na bei ya mfuko ikashushwa hadi shilingi 70,000. Mahindi yaliyokuwa shambani msimu ule wa taabu yalikuwa yameshavunwa, tena machache. Mwanzoni mwa 2023 kilo ya mahindi ilipita shilingi 1,000 katika masoko mengi. Mgogo ambaye hakununua mbolea aliilipia hiyo mbolea kwenye debe la mahindi, katika soko la Kibaigwa, mle mle wilayani Kongwa mlikofia karanga za Waingereza. Sasa kipo kiwanda kikubwa cha mbolea Nala, kilomita chache tu kutoka mjini Dodoma. Malori yake yanapita karibu na mashamba yasiyojua ladha ya mbolea.

Na bei ikishuka, huyo huyo huumia. Katikati ya mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje, na msimu uliofuata wakulima wengi wakauza kwa bei ya kutupa. Machi 2021 Kenya iliyakataa mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ikalegeza baada ya siku chache kwa masharti. Baada ya mavuno mazuri ya 2024 bei ilianguka tena. Anayelima heka tatu hana pa kusimama katikati ya kupanda huko na kushuka, kwa kuwa huuza wakati wa kushuka na kununua wakati wa kupanda.

Tunamfahamu mama mmoja, mjane, mwimbaji wa kwaya. Alivuna vizuri. Mwezi wa sita aliuza karibu yote, maana kulikuwa na deni dukani na sare za shule, na mnunuzi alijaza gunia kwa lumbesa, ile nundu ya juu ambayo sheria ya vipimo inaikataza na ambayo nabii Amosi angeitambua mara moja. Mwezi wa kwanza fedha ilikuwa imekwisha. Mwezi wa pili aliuza mbuzi wawili. Mwaka uliofuata mwanawe alimletea dalali wa viwanja. Tangu serikali ilipohamia Dodoma shamba la mtama lina bei ambayo mtama wenyewe hautaifikia kamwe, naye alikata robo heka. Fedha, mifugo, ardhi. Hatukuwa na haja ya kumfafanulia Mwanzo 47.

Mfanyabiashara wa Kibaigwa si Farao, tusimwonee. Analipa lori, ushuru, turubai na vibarua, na bei ikiporomoka yeye ndiye anayelala na mzigo. Hata hivyo Martin Luther, katika kijitabu chake cha mwaka 1524 juu ya biashara, alikataa kanuni ya wauzaji wa siku zake kwamba mtu ana haki ya kuuza kwa bei yoyote anayoweza kuipata. Alisema uhitaji wa jirani haupaswi kuwa kipimo cha bei. Na katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, akifafanua ombi la mkate wetu wa kila siku, alipendekeza mtawala mwema aweke mkate katika ngao yake badala ya simba. Tumewafundisha watoto wa Kipaimara ombi hilo kwa miaka mingi kana kwamba linahusu mvua peke yake.

Sasa turudi kwa makuhani. Siku ya mavuno washarika huleta mazao mbele ya madhabahu, tunayaombea, kisha tunatoka nje na kupiga mnada. Magunia ya sadaka hununuliwa na wenye uwezo, mara nyingi na wenye malori, kwa bei ya mwezi wa sita, kwa sababu usharika nao una madeni: bati, umeme, michango ya dayosisi, na, tuseme wazi, posho yetu. Mwezi wa pili mtoa sadaka yule yule anakuja ofisini kwetu kuomba msaada wa unga, na tunampa fedha kidogo kununua kwa bei ya mwezi wa pili. Tulifanya hivi miaka mingi bila kuona.

Katika mtaa mmoja wa usharika wetu wazee waliamua mtama wa sadaka usiuzwe. Tuliogopa, kwa kuwa kuhifadhi si mchezo: dumuzi hula gunia likabaki vumbi, na mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Akina mama walianika mtama juu ya maturubai, wakauweka katika mifuko isiyopitisha hewa, magunia 11 kwa jumla. Mawili yaliharibika, mfuko ukiwa umetobolewa na panya. Yaliyobaki yalikopeshwa mwezi wa pili, debe kwa debe, bila riba na bila lumbesa, na yarudi wakati wa mavuno. Mengi yamerudi. Kaya tatu hazijarudisha, moja ikiwa ya mzee wa kanisa, na mhazini anauliza bati la mtaa huo litalipwa na nani. Baraza la wazee linakutana Jumamosi.